Mfereji wa Kila Mwaka

Mama,

Amahoro. Ni mimi Hadija, mke wa mwanao Yasini, yule uliyemwita mutoto wa Kabonga mpaka siku ya mwisho, kana kwamba kutoka Kabonga kuja hapa Rumonge ni safari ya kupanda ndege. Jembe liko mlangoni. Mawingu yameanza kukaa juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na upepo wa jioni una ule ubaridi unaoujua, wa kuingia kwenye magoti kabla haujaingia nyumbani. Kwa hesabu yako tumeshachelewa. Ungekuwepo wewe, mfereji ungekuwa umeshachimbwa, mabati yameshawekewa mawe, gunia la makaa liko chini ya kitanda, na mimi nimeshatukanwa vya kutosha.

Nimekaa kwenye kizingiti naandika. Usinicheke. Ulikuwa unasema Kiswahili changu ni cha redio, eti sisi watu wa mpakani tunaongea kama tunasoma taarifa ya habari. Haya, leo nakusomea habari, na nzuri haimo hata moja.

Kwanza salamu za Zaina, mjukuu wako. Amekuwa mrefu, miguu mitupu. Bado anajifunika blanketi lako la mistari, na hataki nilifue kwa sababu anasema lina harufu ya Bibi. Harufu yenyewe ni mawese na moshi, lakini namwachia.

Sasa nisikilize. Nina hasira na wewe, Mama.

Watu wengine wakikaribia kuondoka wanaomba msamaha, wanagawa shamba, wanaita watoto mmoja mmoja. Wewe shahada uliitamka, alhamdulillahi, hilo sikatai. Lakini kabla ya shahada ulinishika mkono, kifua kinakoroma, ukasema, "Hadija, mufereji. Usisahau mufereji." Nikasema ndiyo, Mama. Ningesema nini kingine? Kikohozi kilikushika katikati ya mvua, na mvua zilipokatika chenyewe hakikukatika. Tulikuzika kiangazi, jua la utosi. Wanaume walirudi kutoka makaburini wanajipepea kwa kofia zao, jasho linawatiririka, na maiti waliyotoka kuzika imeuawa na baridi. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo kichwa kinaniuma.

Na ile baridi ilipitia wapi, tunajua wote wawili.

Ngoja nikukumbushe kwanza jinsi tulivyokuwa tunaitengeneza nyumba hii, kwa sababu siku hizi sina mwingine wa kuongea naye mambo hayo. Kiangazi kikielekea mwisho, kabla ya tone la kwanza, ulikuwa unanituma kwa wachemshaji wa chikichi kuomba lile tope linalobaki chini ya pipa wakishatoa mawese. Tunalichanganya na udongo wa kichuguu na majivu, tunalikanyaga kwa miguu mpaka linakuwa zito, halafu tunapaka ukuta wa nje kuanzia chini mpaka usawa wa dirisha, ili mvua iteleze isipenye. Mikono ilibaki myekundu siku nyingi. Nilipofika hapa bibi arusi, hina yangu haijafifia, ulinikabidhi ndoo ya tope hilo ukasema, "Hii ndiyo hina ya huku." Lo! Nilikuchukia siku ile. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Ulinifuata na kikombe cha chai ya tangawizi, pole hukusema, ukasema ukuta wa upande wa ziwa bado.

Baada ya ukuta, mawe juu ya mabati. Baada ya mawe, mablanketi juani. Ndagala zilizokauka kwenye debe lenye mfuniko, mbabula, jiko letu la makaa, inahamia ndani, sweta za Zaina zinatolewa kwenye sanduku kuangaliwa kama zimeliwa na nondo. Na mwisho wa yote, mfereji. Unaanzia mlangoni, unashuka moja kwa moja, unapita kati ya migomba, mpaka ziwani. Kuanzia chini ilikuwa marufuku. "Maji yarudi kwao," ulikuwa unasema, na kila jembe likishuka wewe umesimama juu yangu na mkono kiunoni, unaangalia mstari kama fundi wa barabara.

Unakumbuka ulivyokuwa unamcheka Mama Fidela? Jirani yetu yule, Mkristo wa watu, aliyekaa uhamishoni Tanzania toka msichana mpaka nywele zikaanza mvi, ndipo akarudi. Yeye mfereji wake alikuwa anauchimba duara, unazunguka nyumba tu, hauendi popote. Kambini ndivyo walivyokuwa wanachimba kuzunguka hema. Ukipita pale unaniambia kwa sauti ya kusikika, "Angalia, amechimba ya hema. Nyumba ya matofali, mufereji ya hema." Naye anakushukuru, murakoze, Mama Yasini, na anaendelea na kazi yake. Mweke akilini huyo. Nitamrudia.

Kwa hiyo ukuta tulipaka, bati tulilikandamiza, mfereji tulichimba. Mlango tuliuacha.

Yasini alipovuka kwenda upande wa Kongo na sabuni zake za kuuza, ufunguo aliuacha kwenye msumari. Alikuwa na tabia hiyo, anaacha ufunguo, anajua sisi tupo. Ziwa likachafuka mchana uleule. Bwato halikufika kule na halikurudi huku, na hakuna ubao hata mmoja uliookotwa. Watu wakaja na mikeka kukaa matanga. Ukawarudisha na mikeka yao. "Mumeona maiti? Miye sijaiona." Kesho yake ukamwita fundi aing'oe kufuli. Nikauliza kwa nini, ukaniangalia kama niliyeuliza kwa nini tunakula. "Yasini hana ufunguo."

Tangu siku ile mlango wetu ukawa wa kamba. Kitanzi kwenye msumari wa ndani, na ubao mmoja wa mlango umekatwa, uwazi wa kupitisha mkono, ili mtu aliyesimama nje aweze kujifungulia mwenyewe. Mtu mmoja. Mtu mwenye mkono wa Yasini. Na kwa uwazi ule ule, mvua zote zile, upepo wa ziwa uliingia na kutoka unavyotaka. Tulikuwa tunahangaika na tope la mawese ukutani, tunaziba nyufa za kidole, na mlangoni tumeacha tundu la mkono mzima. Nilikuomba tulizibe japo kwa gunia. Ukasema gunia atalidhania ni mlango wa watu wengine. Nilikuomba ulale chumba cha ndani, nije mimi ukumbini. Ukasema wewe ndiye unayejua hatua zake. Ukalala hapo, mkeka wako chini ya uwazi, mvua baada ya mvua.

Hata shehe alikuja. Alikaa hapa hapa, akakueleza kwa upole kwamba dini yenyewe imeweka mwisho wa kusubiri, na kwamba mimi bado kijana. Ulimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu ukamuuliza kama sukari ya chai imetosha.

Mama, mimi sikuwahi kuamini. Nakuambia sasa kwa sababu huwezi tena kuumia. Toka ule mwaka wa kwanza nilijua kwamba mume wangu yuko chini ya maji yale ninayoteka kila asubuhi. Nilimlilia nikiosha vyombo, nikipepeta mchele, popote ambapo hukuwepo. Lakini kila kiangazi kilipoisha nilishika jembe, na nilichimba kwa ajili yako. Ulikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia na kilikuwa nyumba hii. "Akija atakuta nini?" ulikuwa unauliza, nami nachimba.

Haya. Ulipoondoka nilichimba.

Nilichimba peke yangu mara ya kwanza, na nilitaka kukuonyesha. Nilichimba kuliko miaka yote, kina cha goti, upana wa kutembea mtu ndani yake. Sikuruka migomba, niling'oa mmoja ili mstari usipinde. Mikono ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikafunga kitambaa nikaendelea. Nilipomaliza nilisimama mlangoni mkono kiunoni kama wewe na nikaona ziwa mwisho wa mfereji, limenyooka mbele yangu. Nikasema moyoni, haya Mama, tafuta kosa.

Mvua za kwanza zilikuja, maji yakashuka vizuri, yakarudi kwao. Nilijisifu. Halafu zikaja zile mvua kubwa, zile za kufanya watu wasahau rangi ya mlima. Nyumba ilistahimili. Bati halikutikisika, ukuta haukupenyeza hata jasho. Nilikaa ndani na Zaina na mbabula inawaka na nikakushukuru, wallahi, nilikushukuru kwa sauti.

Maji hayakuja na mvua, Mama. Yalikuja siku ya jua. Mvua zilikuwa zimepumzika, nimeanika nguo, nachambua majani ya lengalenga hapa kizingitini. Zaina akaniita kutoka uani, anacheka. Nikaenda. Kwenye mfereji kulikuwa na visamaki. Vidogo, vyembamba, vinapanda juu, vinaelekea mlangoni. Mtoto akasema samaki wamekuja kumwamkia Bibi. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia maji. Yalikuwa hayateremki. Yalikuwa yanapanda, taratibu, safi kabisa, bila tope, bila kelele, na juu hakukuwa na hata wingu. Ziwa lilikuwa limevimba mpaka likauona mdomo wa mfereji wetu, na mfereji ukalipokea na kulileta mpaka hapa nilipokaa. Nilikuwa nimelinyooshea njia vizuri mno.

Nilitupa mawe, nilitupa magunia ya mchanga, nikatupa na ule mgomba nilioung'oa. Maji yalizunguka kila kitu. Kabla nguo hazijakauka kambani yalikuwa ukumbini, chini ya mkeka wako.

Na kwa Mama Fidela? Kwake pakavu. Ule mfereji wake wa hema ulikuwa hauendi ziwani, kwa hiyo ziwa halikuwa na njia ya kumfikia. Alikaa pakavu majuma mengi tukiwa sisi tumepandisha kitanda juu ya matofali. Wakati mwingine nilikuwa nikisimama ndani ya maji, natazama ule mduara wake, nikasikia kicheko kinanijia ambacho si kizuri. Tungekuwa wawili tungecheka pamoja mpaka tukaumwa mbavu. Peke yangu kilikuwa kinageuka kwikwi, halafu machozi.

Baadaye ziwa lilipanda na kumkuta na yeye, maana lilikuwa halijamaliza. Likachukua choo chake, likachukua ukuta wa jiko. Siku moja tulikuta kiboko uani kwake, mchana, anakula majani ya viazi vyake kama mgeni aliyekaribishwa. Mama Fidela hakupiga yowe. Alikunja kanga zake, akafunga sufuria kwa kamba, akaondoka zake Kigwena kwa kaka yake, wanakochemsha chikichi. Shefu wa karitye, mkuu wetu wa mtaa, alikuwa ametuambia tukaandikishwe kwa ajili ya mahema kule juu mpaka parsela za kujenga zipatikane. Mama Fidela alimwambia mbele ya watu, "Miye hema niliisha kulala. Imetosha." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akipandisha sauti. Alinisihi niende naye. Nilikataa. Nilimwambia nyumba hii ina mtu anayeitafuta.

Ona nilivyosema. Maneno yako, kinywa changu.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Upande wetu huu wa chini sasa ni kuta zimesimama majini na miti iliyokufa kwa kushiba. Barabara ya kwenda Bujumbura, pale Gitaza, wanasema ziwa limeilamba nayo, magari yanapita kwa zamu. Msikiti mdogo waumini wanaingia na viatu mkononi, au walikuwa wanaingia. Mimi nikabaki. Mvua zilizobaki zote tulikaa juu ya kitanda, mimi na Zaina, mbabula juu ya matofali pembeni, na unyevu unapanda ukutani kwa ndani. Kwa ndani, Mama! Lile tope letu la mawese lilikuwa limeziba vizuri kwa nje, kwa hiyo maji yaliyonywewa na msingi hayakuwa na pa kutokea, yakatokea kwetu. Ukuta ulikuwa unalia. Mkate ukiuweka mezani jioni, asubuhi una manyoya. Baridi ile siijui jina. Si ya upepo, upepo unapita. Hii ilikaa nasi, ikala nasi, ikalala katikati yetu.

Halafu Zaina akaanza kukohoa.

Mwanzo nilijifanya sisikii. Watoto wote wanakohoa msimu wa mvua. Nikampa tangawizi, nikampaka mawese ya moto kifuani, nikamfunika blanketi lako. Lakini kikohozi kina sauti, na ile sauti naijua, nilikaa nayo. Inaanza kavu, inashuka, inakwama chini, halafu mtu anashika kifua kwa mkono wa kushoto. Mtoto anashika kifua kwa mkono wa kushoto. Nani alimfundisha? Amelala chini ya uwazi ule ule, kwa sababu ndipo kitanda kilipotosha kuinuliwa, na alikuwa anasema anataka kulala pa Bibi.

Ndiyo hiyo hasira yangu. Si ya mfereji. Mfereji ningekusamehe.

Kiangazi kikaja, ziwa likarudi nyuma kidogo, kikohozi kikapungua. Kupungua tu. Uani kukabaki na ganda la chumvichumvi na konokono wafu. Nikajidanganya kwamba tumepona. Nikasema nitapaka ukuta, nitaweka mawe, nitaanza upya kabla ya mvua, kama kila mwaka. Na leo asubuhi nikachukua jembe, nikasema bismillahi, nikaanzia mlangoni kama ulivyoniusia.

Nilipiga jembe mara moja. Nikalinyanyua, na shimo likajaa. Maji yalitoka chini, yakatulia usawa wa ardhi, yakaniangalia. Nikasogea hatua moja, nikapiga tena. Likajaa. Nikaenda mpaka kwenye kisiki cha mgomba. Kila nilipofungua ardhi maji yalikuwa yamefika zamani. Ziwa liko juu yetu sasa, Mama, si chini. Halionekani kwa macho, lakini jembe linajua. Hakuna tena pa kuyarudisha. Kwao ni hapa.

Nilikaa kwenye tope na nguo zangu nikalia. Nililia kwa sauti, watu hawapo wa kunisikia. Nilikulilia wewe, na Yasini nilimlilia kwa mara ya kwanza kama mtu aliyekufa, kwa jina lake, bila kuangalia kama umesimama nyuma yangu. Zaina alitoka akanikuta. Alikaa kwenye tope na yeye, akanishika sikio, kama alivyokuwa akikushika wewe alipokuwa mdogo, na akakohoa.

Basi. Imekwisha hapo.

Nimempelekea habari Mama Fidela kwa simu, na kesho kaka yake analeta kamioneti inayobeba ngazi, yale mashada ya chikichi, irudi na sisi. Ametupa chumba nyuma ya mapipa. Kitakuwa na moshi tangu asubuhi, kitakuwa na harufu ya mawese mpaka kwenye nywele, lakini kiko juu na sakafu yake kavu, na Mama Fidela ameshachimba mfereji wake wa duara kukizunguka. Nilipousikia huo mfereji nilitaka kukuita.

Mabati tumeyashusha. Mawe yako nimeyaacha yalipoangukia. Sanduku, debe la ndagala, mbabula, blanketi, viko tayari hapa pembeni yangu. Mlango fundi ameutoa mchana huu, ameuegemeza kwenye ukuta, nao tunakwenda nao kwa sababu ubao ni ubao. Nilimwambia auzibe ule uwazi kabla hajaupandisha kule. Aliuliza azibe wote? Nikamwambia wote. Na nimenunua kufuli.

Naona unavyogeuka ubavu huko kaburini. Geuka. Ungekuwa na kifua cha kusikiliza usiku kucha kama mimi, ungenunua hata wewe. Au usingenunua. Sijui. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba sijui kama ungemchagua mjukuu aliye hai au mwana asiyekuja. Sikuwahi kuthubutu kukuuliza, na sasa nimejijibu mwenyewe.

Kamba nimeiacha kwenye msumari wake, kwenye mwimo. Fundi alitaka kuikata, nikamzuia. Haifungi kitu tena, hakuna mlango, hakuna paa, kuna mwimo tu na uani wa maji. Akija atakuta hiyo.

Hatakuja, Mama.

Sasa ahadi yangu, kwa sababu siwezi kuondoka mikono mitupu mbele yako. Nyumba hii sitaitengeneza tena. Yasini sitamngojea tena, na nitamwambia Zaina ukweli siku atakayouliza, na yuko karibu kuuliza. Lakini nilipokuja kukuona mwezi uliopita niliangalia pale ulipo. Mlima umeinama vizuri. Mvua zikianza, maji yatashuka kutoka juu kuja kichwani mwako, yatakula udongo, na hakuna aliyefikiria. Najua wanaume watasema mwanamke hana kazi makaburini na jembe. Waseme. Kesho kamioneti ikishashusha vitu vyetu, nitarudi na jembe hili, nianzie kichwani kwako na kushuka, mstari ulionyooka, mpaka bondeni. Na mwaka ujao kabla ya tone la kwanza nitakuja tena, na mwaka unaofuata, maadamu nina mikono. Nimeahidi kutousahau mfereji. Hapo kwako ndipo mahali pekee palipobaki ambapo maji bado yanateremka.

Zaina ananiita, anasema baridi imeanza. Kwaheri, Mama. Lala pakavu.

Mkwe wako,
Hadija, mutoto wa Kabonga